Sarafu Yenye Tundu

Kahama, 9 Novemba 1998

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, dakika kumi tu, ikatuachia siafu na harufu ya vumbi. Daftari hili nimelinunua kwa hasira. Lile la kwanza Dhaval aliliwekea kikombe cha chai juu ya orodha ya stempu, na mtu aliyekaa kaunta ya posta miaka tisa hawezi kuandika juu ya alama ya chai. La duka abaki nalo yeye. Humu nitaandika yangu.

Kwa atakayelikuta nikishakufa: mimi ni Apolonia, Mzinza wa Chato, mama yake Blessing, mjane wa Luka. Nilipunguzwa kazi mwaka juzi, na sasa ninauza vitu vya kale kwa watu nisiowaona. Duka letu halina mlango. Liko kwenye intaneti, yaani ukiwa hapa Kahama hulioni. Dhaval ana kompyuta chumba cha nyuma cha duka la baba yake la misumari na mabati. Dada yake Vaishali, aliyeolewa Uingereza, ndiye aliyetengeneza ukurasa. Mimi natafuta stempu, sarafu na shanga, napiga picha, naandika maelezo. Dhaval anayatia Kiingereza, tunayapeleka kwa Vaishali, naye anayaweka. Mteja akipenda kitu anamwandikia Vaishali, Vaishali anatuandikia sisi, na simu ya Mwanza ikikubali kuunganisha tunapata barua. Baba yake Dhaval anatuita wafanyabiashara wa hewa.

12 Novemba

Tumepata mteja wa kueleweka! Bwana Holm, mzee wa Denmark, ametaka sarafu tano za Mjerumani kwa mpigo. Nimezifunga mwenyewe, kila moja na karatasi yake, nikaenda kuziweka rejesta. Yule binti aliyechukua kiti changu pale posta alibandika stempu mkono ukiwa mlegevu. Nikaondoka kabla sijamnyang'anya.

Sarafu ya tano ilikuwa ya Luka. Ya shaba, mwaka 1916, ile waliyoipiga Tabora wakati wa vita. Luka aliifanya kishikio cha ufunguo wa baiskeli. Alipofunikwa na kifusi machimboni Geita, Septemba ya mwaka jana, nililetewa nguo zake na ufunguo ule. Baiskeli wakachukua ndugu zake. Kwenye orodha niliandika: "Imechakaa sana. Taji halionekani vizuri. Ina tundu la msumari." Siku zote naandika kasoro zote. Dhaval anasema ninauza kama mtu anayetaka mteja akimbie.

Niliishika kidogo kabla ya kuifunga. Halafu nikajiambia, picha zake ninazo, kipande cha shaba kitanisaidia nini.

15 Novemba

Mvua. Simu ya Mwanza inakoroma tu.

21 Novemba

Leo Blessing ametimiza miaka sita, huko Runzewe kwa babu na bibi yake, na mimi niko hapa ninapanga stempu za twiga.

Nimemkumbuka mwanangu. Kitu cha kijinga kabisa ndicho kilichonianzisha: nimeona mtoto wa jirani amevaa ndara ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Blessing alikuwa hivyo hivyo, na ukimrekebisha anakasirika.

Mara ya mwisho kumwona ni Oktoba ya mwaka jana, siku ya arobaini. Nilikuwa nimembeba mgongoni, mkubwa vile, kwa sababu alikuwa amesinzia. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia kwamba sitarithiwa na Maganga, mdogo wake Luka. Baba mkwe, Mzee Nkwabi, akasema vizuri, lakini ng'ombe walilipwa na mtoto ni wa hapa. Msiba haujafungwa, akasema, na mpaka ufungwe nisikanyage pale wala habari ya mtoto isizungumzwe. Ndipo mama mkwe, Mama Minza, akaja nyuma yangu. Alifungua fundo la kanga, akamchukua mtoto akiwa usingizini, akaingia naye ndani.

Hilo fundo ninalisikia kifuani mpaka leo. Huyo mama simsamehi. Kisha zikaja zile mvua zilizosomba kila kitu, msiba ukaahirishwa, na mwaka ukapita hivi hivi.

3 Desemba

Amekuja mchimbaji kutoka Geita na shanga tatu za bluu alizozikuta kwenye udongo wa duara, ndiyo shimo lao. Aliziweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

"Mama, hizi ni za malkia."

"Malkia gani?"

"Yeyote utakayemtaka wewe."

Nimezinunua kwa ajili ya jibu hilo.

9 Desemba

Nitaandika kabla sijalala.

Maganga amekuja. Nilimwona mlangoni kwangu amevua kofia, nikadhani mtoto amekufa. Nilimshika shati. Akacheka kwa aibu, maskini. "Mzima, shemeji, mzima. Anakimbiza mbuzi tu."

Nilimpa chai ndipo akasema kilichomleta. Msiba wa Luka utafungwa baada ya Pasaka, mahindi yakishakomaa. Baba anasema nije, na nije na ile sarafu ya babu, yenye tundu.

Nikamwuliza sarafu gani, ingawa nilikwisha kuijua.

"Luka hakukwambia?"

"Luka aliniambia ni ya ufunguo."

Maganga akatikisa kichwa. Babu yao alibebeshwa mizigo ya Wajerumani wakati wa vita. Wenzake wengi walikufa njiani. Yeye alifika Tabora akalipwa sarafu hiyo moja, akaitoboa kwa msumari, akarudi nayo Runzewe kwa miguu. Tangu hapo inashikwa na mtoto wa kwanza wa kiume, baba yake humkabidhi akishakuwa mtu mzima. Mwenye nayo akifa, inawekwa kwenye kiganja cha anayekaa mahali pake, na hapo ndipo msiba unafungwa. Bila hiyo marehemu anakuwa bado yuko njiani. Huo ndio utaratibu wa ukoo wao.

"Sasa kwa nini alitundikia ufunguo?"

"Luka bwana!" akasema Maganga. "Ulimjua mwenyewe. Alisema ili isipotee."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamwuliza habari ya mtoto. Akasema msiba ukifungwa wazee watakaa na mimi. Baba hana ubishi sana siku hizi. "Hata mama hapingi." Hilo sikuliamini.

"Basi sarafu ipo?"

"Ipo."

Neno limetoka lenyewe. Nilimpa gauni la Blessing la Krismasi ampelekee, nikamsindikiza hadi stendi, na njia nzima nilikuwa naona kile kifurushi na stempu zilizobandikwa kwa mkono mlegevu.

10 Desemba

Nimeandika barua ya kurasa mbili kwa Bwana Holm, kumwomba anirudishie ile yenye tundu. Dhaval akasema barua pepe haiandikwi hivyo, watu wa huko wanapenda maneno machache. Nikamwambia aniandikie neno lake moja linalobeba mwanangu, nami nitanyamaza. Akatafsiri zote.

14 Desemba

Simu imekatika. Nguzo imeanguka, wanasema, upande wa Shinyanga.

15 Desemba

Bado.

19 Desemba

Bado. Dhaval ananiambia, "Dada, ukiikodolea macho kompyuta haitapona." Ningemtandika.

25 Desemba

Kanisani nimeimba vibaya. Mbele yangu alikaa mtoto wa rika la Blessing aliyekuwa akigeuka kunitazama. Nilijifanya natafuta ukurasa.

2 Januari 1999

Simu imerudi na jibu limekuja. Bwana Holm anasema kifurushi kilifika salama, amefurahi sana, hajawahi kuona maelezo ya kweli kama ya kwetu. Sarafu nne ameziweka. Ile yenye tundu, kwa kuwa kwa mkusanyaji haina thamani, aliipeleka kwenye chama chao cha wakusanya sarafu. Kila Desemba wanaweka mezani vitu wasivyovihitaji na kila mtu anachukua anachotaka. Hakumbuki nani aliichukua. Atauliza watakapokutana tena. Anasikitika mno.

Haina thamani! Lakini nani aliyemwandikia hivyo? Mimi. Imechakaa, ina tundu. Niliitangaza mwenyewe kuwa takataka, yeye akaniamini.

11 Januari

Kuna jambo nimeshindwa kulielewa. Kondakta wa basi la Runzewe ameniletea uzi wa katani wenye mafundo matatu, umeviringwa kwenye jani la mgomba. "Umetoka kwa Mama Minza. Amesema fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu mpaka gotini. Lile gauni la Krismasi lilikuwa dogo, amelifumua akaongeza kitambaa pembeni, lakini mtoto anakua haraka, mama yake ajue."

Mama yake ajue. Nimemrudisha kondakta mara tatu alirudie neno hilo, mpaka akauliza kama nina matatizo ya masikio.

Nimejipima uzi ule mwenyewe. Mwanangu ananifika hapa, juu kidogo ya kiuno. Nilikuwa namkumbuka mfupi kumbe.

20 Januari

Nashona. Dhaval analalamika kwamba wiki nzima sijaandika maelezo ya kitu chochote na wateja wawili wanasubiri shanga.

1 Februari

Gauni limeondoka. La kijani, mifuko miwili, maana anapenda kuokota vitu.

13 Februari

Jibu kwa mdomo wa kondakta: gauni limekaa. Jino la mbele limetoka, wamelirusha juu ya paa. Mama Minza anauliza huku Kahama dawa ya macho inapatikana? Mzee haoni vizuri siku hizi, macho yameingia ukungu.

Nimenunua dawa, nimeituma. Nilipokuwa naifunga nimewaza jambo baya: heri haoni. Nimelifukuza. Limerudi.

18 Februari

Mvua tangu alfajiri. Simu kimya.

27 Februari

Bwana Holm ameandika. Amewauliza wanachama wote. Mmoja tu hakujibu. Alihamia kwa binti yake na anwani yake haijulikani. Kwa hiyo Bwana Holm amefanya alichoweza, na ametuma kifurushi tarehe 15. Nisimlipe kitu. Hakusema ndani kuna nini.

Dhaval anadhani ni sarafu yetu. Mimi nimekaa posta miaka tisa, na vifurushi visivyosema kilichomo sivipendi.

6 Machi. Hakijafika.

10 Machi. Hakijafika. Yule binti wa kaunta akiniona anainama chini.

17 Machi. Hakijafika. Mahindi ya watu yameanza kutoa ndevu.

22 Machi

Kimefika.

Nilikifungulia pale pale kwenye baraza ya posta. Kiboksi kidogo, ndani pamba, ndani ya pamba sarafu ya shaba ya mwaka 1916, ya Tabora. Taji kamili. Herufi zote kamili. Haina mkwaruzo, haina tundu, inang'aa kwa rangi ya asali. Sijawahi kuona nzuri kama hiyo, na nimeona nyingi.

Barua Dhaval alinisomea dukani, akiitafsiri polepole. Bwana Holm anasema hii ni yake mwenyewe, ameitunza miaka thelathini na moja, na katika chama chao hakuna mwenye nyingine ya hali hii. Anajua haiwezi kuwa ile. "Lakini nami nina mjukuu anayeishi mbali, na nimeona vibaya kumpa mama asiye na mtoto wake kitu ambacho si bora kuliko vyote nilivyo navyo."

Dhaval alipofika hapo akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Mimi nililia bila aibu, wateja wa misumari wakinitazama. Nimelia kwa sababu mzee wa watu amenipa jicho lake, na kwa Mzee Nkwabi jicho hilo halina kazi. Ile ilikuwa imelainishwa na vidole vya watu wao. Hii haijashikwa na mtu yeyote. Nikimpelekea ukweli, atasema marehemu bado yuko njiani na mtoto bado yuko pale. Hatakuwa na ubaya, atakuwa anafuata yaliyo yao.

Kisha Dhaval akasema, bila kunitazama, "Baba mdogo Narendra ni sonara. Picha ya ile ya zamani tunayo."

25 Machi

Nimefanya.

Mzee Narendra aliiweka chini ya lenzi yake, akaitazama muda mrefu sana, halafu akaisogeza kwangu kwa ncha ya kidole.

"Mama Blessing, hii nikiitoboa nimeua."

"Toboa."

"Miaka hamsini nimetengeneza vitu viwe vizuri. Hakuna aliyeniletea kizuri nikiharibu."

"Mzee wangu, toboa."

Akamwita Dhaval, wakasemezana Kigujarati, nikasikia jina la mwanangu katikati. Basi akatoboa kwa msumari, kufuatana na picha, kama alivyotoboa yule babu. Nilisikia ile sauti kwenye meno yangu. Akaisugua kwa mchanga na ngozi mpaka taji likafifia, akailaza kwenye chumvi na siki na jivu. Alipomaliza alikataa ujira. Akasema niishike mkononi kila siku mpaka nitakapoondoka, maana jasho ndilo linalozeesha, yeye hana dawa ya hilo.

Ninaishika sasa hivi, mkono wa kushoto, ninapoandika. Mimi ninayeandika kasoro zote. Nimejaribu kujionea haya na nimeshindwa kwa sababu kila nikianza namwona na lile pengo la jino nisilolijua.

4 Aprili, Pasaka

Imekuwa nyeusi vizuri. Sina furaha nayo.

8 Aprili

Kesho naondoka na lori la mchele hadi Runzewe. Mvua imekata siku mbili. Dhaval amempa Blessing boksi la penseli za rangi na kunionya nisizile njiani.

13 Aprili, Kahama

Nitaandika yote kwa mpangilio, nisipofanya hivyo nitalipuka.

Lori lilikwama mara mbili baada ya Ushirombo, nikafika tarehe 9 jioni nikiwa na tope hadi magotini. Uani palikuwa na watu wengi. Mama Minza alikuwa anapepeta. Amezeeka. Nilikuwa nimebeba mwaka na nusu wa maneno ya kumwambia, nikapiga goti nikasema shikamoo mama, akasema marahaba mayu, yaani mama kwa Kisukuma, pole na njia, akaniletea maji ya kunawa miguu. Akayamimina mwenyewe.

Blessing alikuwa nyuma ya ghala na wenzake. Mama Minza alimwita. Akaja na lile gauni la kijani, mifuko imejaa mawe, akasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwamba hatanijua. Alinijua. Lakini alimtazama kwanza bibi yake, kama anaomba ruhusa, na bibi yake akainamisha kichwa, ndipo akaja. Ananuka moshi na maziwa. Pengo limeanza kuota jino.

Asubuhi yake wazee walikaa. Mzee Nkwabi alivaa koti lake la siku zote za maana. Macho yake yamekuwa ya maziwa, dawa haikusaidia. Akauliza mke wa Luka yuko wapi, nikasogea kwa magoti, nikafungua kitambaa, nikaiweka sarafu kwenye kiganja chake. Ninajua alivyo mpole sasa, na hilo lilinichoma zaidi kuliko angekuwa mkali. Aliipima uzito. Akapitisha kidole kwenye tundu.

Halafu akasema, "Mimi macho yameondoka. Mama Luka ndiye aliyeipaka samli kila mavuno tangu nilipomwoa, na nilipomkabidhi Luka akawa anamletea aipake. Mama, njoo utazame."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilijipanga kwa mzee asiyeona, nikamsahau mke wake.

Mama Minza akaja akajifuta mikono. Akaichukua, wala hakuitazama sana. Alipitisha dole gumba ukingoni, pole pole, akaizungusha mzunguko mzima, kisha akaanza tena. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na Blessing yuko mlangoni. Nikasema moyoni, haya, mchukue na safari hii.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Akamrudishia mumewe. Mzee Nkwabi akaiweka kwenye kiganja cha Maganga, akasema maneno kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo, kama anaongea na mtu aliyechoka na safari. Wanawake wakapiga vigelegele. Msiba wa Luka ukafungwa. Mchana wazee walikaa na mimi, na haikuchukua muda: mtoto aende asome kwa mama yake, likizo zote awe kwa babu na bibi.

Jikoni ndipo Mama Minza aliponikuta. Nilikuwa naosha vyombo. Alikaa kwenye kigoda, akachukua sufuria akaanza kusugua naye.

"Ile ilikuwa na kovu ukingoni," akasema. "Luka alikuwa na miaka minne. Aliiiba, akaigonga na jiwe juu ya kinu changu. Nilimchapa. Kila mavuno nikiipaka samli nilikuwa naligusa hilo kovu nacheka."

Mkono wangu ulisimama majini. Sikuliona kovu hilo. Niliishika mara ngapi, niliipiga picha, niliandika kasoro zake kwa ajili ya mgeni, na hiyo sikuiona.

"Iko wapi?"

"Ulaya, mama. Nilikuwa sijui. Nimeitafuta. Haionekani."

Alisugua sufuria. Machozi yalimtoka, hakuyafuta maana mikono ilikuwa na jivu.

"Mama, kwa nini umesema ndiyo?"

"Siku ile nilipomtoa mgongoni kwako nilijua utamsahau. Wewe kijana, una shule, una mji. Nikasema nibaki na kitu cha Luka. Nikasema na yeye atasahau, watoto husahau. Hakusahau, mayu. Akicheza anacheza wewe. Anajenga nyumba ya mawe, anasema hapa Kahama." Akainuka, akatundika sufuria. "Mzee anayo sarafu, Maganga ameishika, Luka amefika. Wewe una mtoto. Usinishukuru. Ukinishukuru nitakuchukia."

Sikumshukuru. Nilimshika miguu tu.

Tulipoondoka hakutoka nje. Blessing alipanda lori akifurahia ukubwa wa magurudumu. Nilimwona Mama Minza kupitia mlango wa jiko, amekaa kwenye kile kigoda, amelishika lile gauni la Krismasi alilolifumua, ambalo mtoto halimtoshi tena na hatukulichukua.

17 Aprili

Blessing hajala vizuri. Ugali wangu anasema una kona. Sijui kona ni nini. "Wa bibi hauna kona."

19 Aprili

Amelia akimtaka bibi. Dhaval amemwonyesha kompyuta, akauliza kama bibi yumo humo.

24 Aprili

Bwana Holm ameuliza kama familia imefurahi. Nimejibu imefurahi, mtoto ninaye, na kwamba zawadi yake ndiyo iliyofanya hivyo. Kila neno ni kweli. Sikumwambia nimeitoboa. Angelia mzee wa watu.

Ile tabia ya kuandika kasoro zote nimeiendeleza. Ila sasa, kabla ya kuandika, ninamwuliza anayeniletea kitu: hiki nani alikuwa anakishika? Nusu yao wanarudi nacho nyumbani. Dhaval ananuna.

2 Mei

"Bibi anaamka saa hizi." "Bibi anaita kuku hivi." "Bibi ana wimbo, wewe huujui." Kutwa nzima. Nilimkaripia, nikajuta, nikamwomba anifundishe huo wimbo. Akasema sitauweza.

9 Mei

Mvua zimekwisha. Kondakta ameleta njugu mawe na salamu: Mama Minza anauliza, "Mtoto ananiulizia?" Nimemwambia amwambie anamwulizia asubuhi, mchana na jioni. Kondakta akasema huyo mama kila basi likipita yuko barabarani.

16 Mei

Amekula sahani nzima. Amepata rafiki, mtoto wa fundi baiskeli.

23 Mei

Leo Blessing hakumtaja bibi yake hata mara moja. Niliisubiri siku hii kwa wiki tano, kwa wivu, nikihesabu. Imefika. Alicheza, akala, akaninunia, akacheka, akaniita mama mpaka nikachoka kuitika. Na mimi nimemwonea huruma yule mama mpaka chakula kimenishinda. Kesho kondakta akija na swali la bibi, nitamdanganya.